Jinsi ya kuhesabu watazamaji wa ligi ya kikapu na kusoma mwenendo wao: mwongozo kwa waandaaji wa Dodoma

Idadi ya watazamaji ina maana pale tu inapohesabiwa kwa namna ileile kila siku, kisha ikawekwa kando ya nafasi zilizokuwepo na mazingira ya siku hiyo. Ukikosa kimojawapo, hutajua kama ligi inakua, imesimama au inapoteza watu. Mwongozo huu ni wa viongozi wa ligi za mkoa, vyuo na mashindano ya kitaifa yanayochezwa Dodoma, ambako viwanja vingi vya kikapu viko wazi, havina mageti ya kuhesabu wala viti vyenye namba. Mifano ya ligi za kulipwa za Marekani imo kwa sababu takwimu zake ziko hadharani, na makosa yanayofanyika katika kuzisoma ni yaleyale yanayofanyika katika viwanja vya Chinangali au Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM).

Amua kwanza unahesabu nini

Kuna namba tatu ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni tiketi zilizotolewa, za kulipia na za bure. Ya pili ni watu waliopita mlangoni. Ya tatu ni kilele, yaani watu waliokuwa uwanjani kwa wakati mmoja pale palipojaa zaidi. Siku moja inaweza kukupa namba tatu zilizoachana sana, na zote zikawa sahihi.

Takwimu zinazotangazwa na NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, hufuata tiketi zilizotolewa. Ndiyo maana unaweza kuona viti vitupu kwenye televisheni katika mechi iliyotangazwa kuwa na watu 17,000. Kwa ligi ya kulipwa hilo lina mantiki yake, maana tiketi ikishauzwa fedha imeingia, mwenye tiketi aje asije. Kwa ligi ya Dodoma yenye kiingilio kidogo au isiyo na kiingilio kabisa, tiketi haisemi mengi. Tunashauri kilele kiwe namba yako kuu, na waliopita mlangoni wawe namba ya pili. Tiketi ziandike kwa ajili ya hesabu ya fedha.

Kuna jambo jingine linalotutofautisha na ligi hizo za Marekani. Kule tiketi moja ni mechi moja. Kwetu siku moja ya ligi hubeba mechi tatu au nne mfululizo kwenye uwanja mmoja, na shabiki aliyefika saa 8 mchana anaweza kubaki hadi mechi ya mwisho. Ukihesabu kila mechi halafu ukajumlisha, mtu huyo mmoja amekuwa watatu. Kwa hiyo usijumlishe vilele vya mechi. Andika kilele cha kila mechi peke yake, kisha kwa siku nzima andika waliopita mlangoni mara moja tu. NBA yenyewe, katika miaka ya 1950, ilikuwa ikipanga mechi mbili kwa jioni moja kwenye ukumbi mmoja, na takwimu za zama hizo ni ngumu kuzilinganisha na za leo kwa sababu hiyohiyo.

Pima nafasi za uwanja wako

Fanya kazi hii mara moja kabla ya msimu, kwa futi kamba.

Kwenye mabenchi na ngazi za zege, mtu mmoja huchukua sentimita 45. Benchi la mita 20 ni la watu 44. Usipime kwa kubana watu wakati wa fainali. Pima kwa mtu aliyekaa anavyotaka kukaa.

Kwa waliosimama, anza na uwanja wenyewe. Uwanja wa kikapu una mita 28 kwa 15, na nje ya mistari inatakiwa ibaki nafasi wazi ya mita 2 kila upande, hivyo eneo lisiloguswa ni mita 32 kwa 19. Upande mmoja mrefu umeshachukuliwa na meza ya waamuzi na mabenchi ya timu. Kwa watazamaji unabaki upande mrefu wa pili, mita 32, na nyuma ya magoli yote mawili, mita 19 kila mahali. Jumla ni mita 70. Ukimpa kila mtu nusu mita, mstari mmoja ni watu 140, na mistari mitatu ni watu 420. Mstari wa nne kwenye ardhi tambarare hauoni chochote zaidi ya visogo, na watu wake huondoka ndani ya robo moja ya mechi. Usiuhesabu kama nafasi. Ukitaka wabaki, weka jukwaa la mbao nyuma ya mstari wa tatu.

Kuna kikomo cha usalama pia. Mwongozo wa usalama wa viwanja wa Uingereza unaruhusu watu 47 kwa kila mita 10 za mraba kwenye jukwaa la kusimama, na hapo ni pale kila kitu kinapokuwa katika hali bora: njia za kutokea, uzio, mteremko. Kiwanja cha wazi chenye lango moja hakifiki hapo. Baki chini ya watu 3 kwa mita moja ya mraba.

Andika nafasi zako kwa namba moja, kwa mfano 420, na usiibadilishe katikati ya msimu isipokuwa umeongeza mabenchi kweli. Ukiongeza, andika tarehe.

Kuhesabu siku ya mechi

Unahitaji watu watatu, simu moja yenye kamera na vifaa vitatu vidogo vya kuhesabia, vile vya kubonyeza kwa kidole gumba. Kama huna vifaa, programu za bure za kuhesabu kwenye simu zinafaa, ila simu ikipigiwa hesabu inakatika. Izime mtandao.

Mtu wa kwanza akae mlangoni akibonyeza wanaoingia: kifaa cha mkono wa kulia kwa watu wazima, cha kushoto kwa watoto. Watoto wa mtaani huingia bure na kwa makundi, na wakichanganywa na wakubwa utaahidi mdhamini wateja ambao hawana fedha mfukoni. Si kwamba watoto hawana thamani. Hao ndio watazamaji wako wa miaka kumi ijayo. Lakini wana safu yao. Mtu wa pili ahesabu wanaotoka. Anayetoka kwenda kununua maji na kurudi agongwe mhuri mkononi, na akirudi asihesabiwe tena kwenye kifaa cha kuingia. Mwenzake wa kutoka naye asimhesabu. Wino uwe wa rangi tofauti kila siku, kwani mhuri wa Ijumaa hukaa mkononi hadi Jumamosi.

Anayehesabu asiwe anayeuza tiketi. Kosa hili ndilo linaloharibu hesabu nyingi kuliko mengine yote: mtu mmoja akishika fedha na kifaa, namba zake zitalingana kila siku, na hutajua lini zimesahihishwa.

Mtu wa tatu ahesabu kilele. Apite mara mbili: katikati ya robo ya pili, na katikati ya robo ya tatu. Asihesabu wakati wa mapumziko ya nusu, ambayo kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ni dakika 15, kwa sababu nusu ya watu wako kwenye mihogo na soda. Namba kubwa kati ya hizo mbili ndiyo kilele. Kila mstari ahesabu kwa makundi ya watu kumi: anahesabu kumi wa kwanza kwa kidole, anaona wanachukua urefu gani, kisha anahesabu urefu huo mara ngapi hadi mwisho wa mstari. Kwenye umati usio na mistari, tumia njia ya Herbert Jacobs, mwalimu wa uandishi wa habari wa Berkeley, aliyeibuni katika miaka ya 1960 akiwatazama wanafunzi kwenye uwanja wenye miraba. Gawa eneo kwa miraba ya mita 5 kwa 5, kadiria watu wa mraba mmoja, zidisha. Vipimo vyake, vikigeuzwa kuwa mita, ni karibu mtu 1 kwa mita ya mraba pale watu walipotawanyika, na kama 2 na nusu pale walipobanana.

Piga picha nne, moja kila kona, dakika ileile unayohesabu. Usitumie picha ya kuzungusha simu: mtu anayetembea hutokea mara mbili, mwingine hukatwa kabisa. Jua la Dodoma huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 jioni, na baada ya hapo taa za uwanja huangaza sakafu na kuacha mashabiki gizani, hivyo kwa mechi za usiku simama upande wenye taa nyuma yako. Picha hizi ndizo zitakazokuokoa siku mtu atakapobisha.

Wasihesabiwe: wachezaji 12 wa kila timu, benchi la ufundi, waamuzi, watu wa mezani, wauzaji, walinzi. Kwenye ukumbi wa watu 18,000 hao ni tone. Kwenye mechi yenye watu 150, arobaini wa ziada ni zaidi ya robo ya umati. Wachezaji wanaosubiri mechi inayofuata wakiwa wamekaa jukwaani wahesabiwe peke yao, kwani watakuwepo hata siku ambayo hakuna shabiki hata mmoja.

Linganisha namba kabla hujaondoka uwanjani

Kesho utakuwa umechelewa. Fedha zikiwa bado mezani, fanya hesabu tatu.

Tiketi: chukua namba ya mwisho, toa ya kwanza, ongeza moja. Kitabu kilichoanza na 0201 kikaishia 0564 kimeuza tiketi 364, wala si 363. Kwa kiingilio cha shilingi 2,000 unatakiwa kuwa na 728,000. Taslimu 430,000 na lipa namba 298,000 zinafika hapo kamili. Zisipofika, tafuta sababu palepale.

Mlango: kama kifaa cha kuingia kinasoma 412, waliokuja bure ni 48. Muulize mlinzi kama hiyo inaonekana kweli. Waalikwa ulioandikia kadi wahesabiwe waliofika, si kadi zilizogawiwa. Kadi 500 zilizosambazwa maofisini zinaweza kuleta watu mia moja na kitu, na hao ndio unaowaandika.

Kilele: waliotoka hadi robo ya tatu ni 96, hivyo mlango unasema ndani walikuwemo 316. Aliyehesabu majukwaa anasema 305. Tofauti ni chini ya asilimia 4, inakubalika. Andika ya majukwaa. Tofauti ikizidi asilimia 5, hesabu upya kwenye picha. Mara nyingi utakuta lango la pili lilifunguliwa robo ya pili ili gari la wageni litoke, na watoto wakaingia wote.

Jedwali la msimu

Mstari mmoja kwa kila mechi, si kwa kila siku. Safu zinazohitajika kweli ni hizi:

- tarehe, siku ya juma, na mechi ya ngapi kwa siku hiyo
- saa iliyopangwa na saa iliyoanza kweli
- timu zote mbili, wanaume au wanawake, nafasi zao kwenye msimamo kabla ya mechi
- kiingilio, tiketi zilizouzwa, walioingia bure, watoto (za siku nzima, ziandikwe mara moja tu)
- kilele, nafasi za uwanja, waliobaki dakika 5 za mwisho
- hali ya hewa
- tukio shindani
- kalenda ya mji

Saa ziandike kwa mtindo wa 16:00, hata kama mdomoni unasema saa 10 jioni. Programu ya jedwali ikikuta "10:00" itaichukulia kuwa asubuhi, na mechi zako za jioni zitajipanga kabla ya zile za saa 8 mchana, ambazo mwingine ameandika "14:00". Kosa hili halionekani hadi utakapochora grafu.

Mechi iliyoahirishwa kwa mvua iachwe wazi, isiandikwe sifuri. Sifuri ni mechi iliyochezwa bila mtu. NBA ilisimamishwa tarehe 11 Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO, ikamalizia msimu Orlando bila mashabiki, na msimu uliofuata ukawa na mechi 72 kwa kila timu badala ya 82, kumbi nyingi zikiwa na watu wachache kwa amri ya afya. Anayeweka miaka hiyo miwili kwenye mstari wa mwenendo anapata shimo la ajabu na baada yake kupanda kwa ajabu, na vyote viwili havisemi lolote kuhusu mapenzi ya watu kwa kikapu.

Safu ya hali ya hewa iwe fupi: jua kali, upepo, baridi, mvua. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na inatosha manyunyu ya saa moja kuloanisha sakafu ya zege isichezeke. Kati ya Juni na Agosti mvua hakuna, lakini jioni huwa na baridi na upepo wa vumbi unaobadilisha hata mitupo ya mbali, na watu huanza kuondoka mapema. Safu ya waliobaki dakika 5 za mwisho ndiyo inayoonyesha hili. Kilele peke yake hakikuonyeshi.

Tukio shindani ni Simba na Yanga kabla ya kitu kingine chochote. Andika kama mmoja wao anacheza siku hiyo na saa ngapi, halafu kama timu ya soka ya Dodoma Jiji iko nyumbani, uwanja wa Jamhuri. Kalenda ya mji ni Bunge likiwa linakaa (kikao cha bajeti huanza Aprili na kuishia Juni), UDOM wakiwa wanasoma, wako kwenye mitihani au wamefunga, Ramadhani, na wiki ya mishahara. Usiamue mapema kwamba Bunge linaongeza watu au kwamba linapunguza. Weka alama ya ndiyo au hapana, msimu ukiisha jedwali litakujibu.

Timu ngeni ya Dar es Salaam nayo iwekewe alama. Tangu reli ya kisasa izinduliwe rasmi hadi Dodoma tarehe 1 Agosti 2024, shabiki wa Dar anaweza kufika kwa chini ya saa 4, na kama mechi inaisha kabla ya treni ya mwisho, kuna uwezekano akaja na kurudi. Angalia ratiba ya treni unapopanga saa ya mechi hizo.

Kusoma mwenendo

Usianze na wastani. Chukua siku tano zenye vilele hivi: 180, 210, 195, 940, 205. Wastani wake ni 346, na hakuna siku hata moja iliyokaribia 346. Zipange kutoka ndogo hadi kubwa, chukua ya katikati: 205. Hiyo ndiyo siku yako ya kawaida. Ile ya 940 ilikuwa na sababu yake, na sababu hiyo inatakiwa iwe imeandikwa kwenye safu.

Ligi kubwa nazo huyumbishwa na siku moja. Tarehe 13 Januari 2023 San Antonio Spurs waliwakaribisha Golden State Warriors katika Alamodome na kuingiza watu 68,323, rekodi ya mechi ya msimu wa kawaida, wakiivunja ile ya 62,046 iliyowekwa Atlanta mwaka 1998 Chicago Bulls walipotembelea Georgia Dome. Mechi hiyo moja, ikigawanywa kwa mechi 41 za nyumbani, iliweka watu 1,666 kwenye wastani wa Spurs. Mechi ya watu 18,000 huweka 439. Anayesoma wastani peke yake angedhani mji mzima umegeuka.

Ukishapata namba ya katikati, weka asilimia ya kujaa. Watu 205 kwenye nafasi 420 ni asilimia 49. Fainali ikihamishiwa ukumbi wa watu 900 ikaleta watu 300, umejaza asilimia 33 tu: watu wameongezeka na ukumbi umeonekana mtupu, na mdhamini aliyekaa mbele ataondoka na picha ya utupu. Hili lipime kabla ya kukodi ukumbi.

Kinyume chake ni uwanja uliojaa. NBA msimu wa 2023-24 ilikuwa na watazamaji 22,538,518, wastani wa 18,324 kwa mechi, na kumbi zilijaa kwa asilimia 98. Palipofika hapo, wastani wa timu huonyesha ukubwa wa ukumbi kuliko mapenzi ya watu. United Center ya Chicago ina nafasi 20,917 kwa kikapu, na hiyo inaiweka Bulls juu ya orodha hata katika misimu ambayo timu ni ya kawaida. Uwanja wako ukijaa mara tatu mfululizo, kilele hakikuambii tena kitu. Anza kuhesabu waliorudishwa mlangoni, na angalia saa ambayo nafasi zilikwisha. Kama zilikwisha dakika 10 kabla ya mechi mwezi uliopita, na mwezi huu dakika 40 kabla, ligi inakua ingawa kilele ni kilekile 420.

Mfano bora wa dari kuficha kiu ya watu ni wa WNBA, ligi ya wanawake ya Marekani, mwaka 2024. Washington Mystics walikuwa na ukumbi wa nyumbani wa watu 4,200. Indiana Fever, timu ya mchezaji nyota Caitlin Clark, ilipokuja tarehe 19 Septemba, mechi ilihamishiwa Capital One Arena na wakaja watu 20,711, rekodi ya mechi ya msimu wa kawaida katika ligi hiyo. Wangecheza nyumbani, kitabu kingeandika 4,200 na watu zaidi ya 16,000 wasingeonekana popote.

Fever wenyewe walipanda kutoka wastani wa 4,067 nyumbani mwaka 2023 hadi 17,036 mwaka 2024. Mfano wa Washington unakufundisha jambo la pili: mgeni naye huleta watu. Kwa hiyo kabla ya kuisifu timu ya nyumbani, tazama ni nani aliyekuja.

Kwenye ligi ya mkoa ambako timu zote hutumia uwanja mmoja, nguvu ya timu kuvuta watu hupatikana hivi: chukua siku zote ilizocheza, tafuta namba ya katikati, chukua siku ambazo haikucheza, tafuta ya katikati, toa. Ikitokea 240 dhidi ya 190, timu inaonekana kuleta watu 50. Kisha jiulize swali gumu: je, timu hiyo hupangiwa Jumamosi mechi ya mwisho kila mara? Kama ndivyo, hao 50 ni wa Jumamosi jioni, si wa timu.

Hapa lazima tuseme wazi, kwa sababu uamuzi mbaya mwingi umefanywa kwa hesabu hii. Mechi za wanawake hupangwa za kwanza, saa 8 mchana, jua likiwa utosini na zege likichoma. Halafu kilele cha 60 kinatumiwa kuthibitisha kwamba kikapu cha wanawake hakina mashabiki. Hakithibitishi hivyo hata kidogo. Kinathibitisha kwamba saa 8 mchana haina mashabiki. Badilisha: kwa siku nne za ligi wanawake wacheze mechi ya mwisho, wanaume wacheze ya kwanza, ndipo ulinganishe saa kwa saa. WNBA mwaka huohuo wa 2024 ilipata watazamaji 2,353,735, na mechi zake hazikuchezwa kwenye saa walizokataa wengine.

Kuona mwelekeo ndani ya msimu, tumia wastani unaotembea wa siku nne. Vilele vikiwa 170, 190, 240, 200, 210, 230, 250, wastani wa nne za kwanza ni 200, unaofuata 210, kisha 220, kisha 223. Watu wanaongezeka, ila kasi inapungua. Ukitazama 250 ya mwisho peke yake hutaliona hilo. Ili ujue mtikisiko wa kawaida, ondoa siku kubwa kabisa na ndogo kabisa, tazama zilizobaki. Kama siku zako huwa kati ya 160 na 230, siku ya 235 si habari. Siku nne mfululizo juu ya 230 ni habari.

Mwaka kwa mwaka, linganisha hatua ileile ya ligi: raundi ya tatu na raundi ya tatu, robo fainali na robo fainali. Ukilinganisha Februari na Juni unalinganisha mvua na ukavu, chuo kikiwa wazi na chuo kikikaribia mitihani.

Kubadilisha kitu na kujua kama kimefanya kazi

Badilisha kimoja kwa wakati, na kiache kwa angalau siku nne za ligi. Ukishusha kiingilio kutoka 2,000 hadi 1,000 na wiki hiyohiyo ukasogeza mechi kutoka saa 10 hadi saa 11 jioni, watu wakiongezeka hutajua ushukuru kipi, na utaendelea kupoteza nusu ya mapato pengine bila sababu.

Saa ya kuanza ndiyo ya kwanza kujaribu, kwani haigharimu. Saa 9 na 10 alasiri, anayekaa upande wa mashariki anatazama magharibi, jua machoni. Utaona upande huo mtupu na ule wa magharibi umejaa. Hesabu kila upande kivyake kwa siku mbili. Tofauti ikiwa kubwa, sogeza mabenchi au sogeza saa. Upande wa pili, mechi inayoisha baada ya saa 3 usiku huwapoteza wanafunzi, maana kurudi chuoni kwa bodaboda usiku ni gharama kuliko kiingilio. Safu ya dakika 5 za mwisho itakuonyesha saa hasa wanayoanza kuondoka.

Kuchelewa kuanza nako kuna bei yake. Weka tofauti kati ya saa iliyopangwa na iliyoanza kweli, kisha tazama kilele cha siku inayofuata, si cha siku ileile. Aliyesubiri dakika 50 Jumamosi haondoki Jumamosi. Hurudi nyumbani, na wiki inayofuata haji.

Ripoti kwa mdhamini au ofisi ya michezo

Ukurasa mmoja unatosha: namba ya katikati ya vilele, siku ndogo kabisa na kubwa kabisa pamoja na sababu zake, asilimia ya kujaa, watoto kando, na sentensi moja inayosema namba zilipatikanaje. Usikweze 287 kuwa "zaidi ya 300". Mdhamini akija siku moja akahesabu mwenyewe, na wapo wanaohesabu, ripoti zako zote za nyuma zitapoteza uzito. Ambatanisha picha mbili za siku ya kawaida na moja ya siku kubwa, zikiwa na tarehe.

Msimu ukiisha, hifadhi nakala mbili za jedwali kwa watu wawili tofauti, pamoja na vipimo vya uwanja na jina la njia uliyotumia kuhesabu. Viongozi wa ligi hubadilika kila uchaguzi, na kamati mpya inayoanza na daftari tupu haiwezi kujua kama watu 210 wa mwaka wake ni wengi au ni wachache.